Kuyapima Maziwa ya Mama Mkubwa

Mimi ni mtu nisiyetulia. Kwenye vikao nachezesha mguu mpaka glasi za maji zinagongana mezani, na bosi wangu ameshazoea kuniambia mbele ya wateja, bila hata kunitazama, "Wewe, mguu." Nautuliza. Unaanza tena. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kazi ile ndiyo iliyoniondolea utulivu, maana sikuwa nao. Lakini kuna kutotulia kwangu kwa kila siku, ambako wanangu wamezaliwa wakakukuta, na kuna kule kwa wiki zile, ambapo nilikuwa naosha gari nililoliosha jana yake, huku wanangu wamesimama barazani kwetu Moshono wakiulizana kwa macho mama ana nini.

Ofisi yetu ni ndogo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri mjini Arusha. Tunapimia makampuni thamani ya vitu vyao. Kampuni ikitaka kuuzwa, lazima ijulikane kila ilicho nacho kina thamani gani leo, na kila inachodaiwa kina uzito gani leo. Si siku kilipoandikwa vitabuni. Leo. Sisi tunaiita thamani ya haki, na watu wakisikia haki wanadhani ni mambo ya mahakamani. Wala! Ni swali moja tu: ukikiuza leo, bila haraka, kwa mtu asiye ndugu yako na anayejua anachonunua, atakupa shilingi ngapi?

Hapo kwenye "bila haraka" na "asiye ndugu yako" ndipo penye kazi. Mwezi wa kwanza, ada za shule zikiwaka moto, utaona mzee anauza mbuzi wake kwa bei ya kulia. Ile si bei ya mbuzi, ni bei ya shida yake, na sisi hatuiandiki. Halafu nenda kanisani Jumapili, baada ya ibada, pale nje wanaponadi sadaka za mazao. Yai moja linanunuliwa kwa hela ambayo ungepata trei nzima, kwa sababu limeletwa na bibi fulani na mchungaji amesema neno. Ile nayo si bei ya yai, ni bei ya mapenzi. Hatuiandiki vilevile. Tunatafuta bei ya katikati, bei isiyo na machozi wala mapenzi, na nakuhakikishia, katika nchi hii kuitafuta bei ya namna hiyo ni kuzunguka mpaka soli ziishe.

Kampuni yenyewe ilikuwa kiwanda cha maziwa, juu kidogo ya Kikatiti, ukiiacha barabara kubwa ya Moshi ukapanda na njia ya vumbi. Kiwanda kina ng'ombe wake na kinapokea pia maziwa ya wafugaji wa jirani. Mwenye kiwanda amechoka, anataka kuuza, na wanunuzi walitoka Dar es Salaam na mashati yao meupe. Bosi akanipa mimi.

Ng'ombe hawakunisumbua. Nilikwenda mnadani, nikauliza bei za ng'ombe wa maziwa, nikasukumwa na fahali mmoja nusura nianguke kwenye tope, nikarudi na bei zangu. Matanki ya kupozea maziwa yalinisumbua kidogo, maana hakuna mtu anayeuza matanki yaleyale, yenye umri uleule na bonde lilelile ubavuni. Tukatafuta yanayofanana nayo, tukapunguza kwa ajili ya uzee na bonde. Bosi ana usemi wake kuhusu mambo haya. Kuna vitu vinavyouzwa sokoni kabisa, anasema, na kuna vitu vinavyofanana na vinavyouzwa, halafu kuna vitu visivyouzwa popote. Hivyo vya tatu unakaa chini, unajivika kichwa cha mnunuzi, unawaza kwa kichwa chake. Vya tatu ndivyo vinavyotuzeesha.

Siku ya kumaliza ukaguzi, bosi akamwuliza meneja wa kiwanda swali tunalouliza kila mahali. Je, kuna kitu chochote mnachodaiwa ambacho hakimo vitabuni?

Meneja akacheka. "Labda maziwa ya bibi wa pale barabarani."

Mguu wangu ukasimama wenyewe. Bosi akageuka kuniangalia, kwa sababu ukimya wa mguu wangu hajauzoea.

Bibi wa pale barabarani ni mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama. Njia ya kuingilia kiwandani na kisima kinachokilisha kiwanda viko kwenye ardhi aliyoachiwa na mumewe. Mwenye kiwanda alipokuja kuomba ardhi ile, zamani, kabla sijaolewa, walikubaliana hela kidogo na maziwa: lita mbili, kila asubuhi, zifikishwe mlangoni kwake, maadamu yu hai. Wazee wa ukoo walikuwepo, mwinjilisti aliomba, watu wakala. Tangu hapo gari la kiwanda likishuka asubuhi kwenda mjini linasimama kwake, dereva anashusha kidumu, anachukua kitupu cha jana, anaondoka. Hakuna aliyewahi kuliona kama deni. Lilikuwa jambo linalotokea tu, jua linachomoza na maziwa yanakuja.

Nilimwambia bosi palepale, hatujafika hata kwenye gari. "Huyo ni mama yangu mkubwa. Mpe mtu mwingine."

"Vizuri umesema. Nitaandika kwenye faili kwamba umesema, na hesabu yako nitaikagua mimi mwenyewe mstari kwa mstari," akajibu. "Lakini nani mwingine ataenda kuongea naye? Yule kijana wetu mpya? Bibi wa Kimeru atamtimua na ufagio."

Nilibishana. Sikushinda. Bosi wangu hana sauti kubwa ila hachoki, na mimi nachoka haraka.

Sasa, deni tunalipimaje? Watu wengi wanafikiri ni gharama anayoingia yule anayedaiwa. Hapana. Unauliza hivi: ukimtafuta mtu mwingine kabisa, mgeni, ukamwambia chukua deni langu hili uwe unalilipa wewe badala yangu, atataka umpe kiasi gani ndipo akubali? Hicho kiasi ndicho uzito wa deni lako leo. Kwa maziwa ya mama mkubwa maana yake ni bei ya maziwa, mara siku, mara miaka iliyobaki.

"Miaka iliyobaki ya nini?" niliuliza, kana kwamba sijui.

"Ya kwake," bosi akasema. "Nenda kamwone. Umri, afya, anatembea, hatembei." Akasema kama mtu anayeomba chumvi.

Na hapo bado sijasema kilichonifanya nioshe gari kila siku. Wanunuzi walikuwa wameshatamka kwamba hawataki ahadi isiyo na mwisho. Kiasi tutakachokipata sisi ndicho atakachopewa mama mkubwa mkononi, mara moja, aweke sahihi, na maziwa yakome. Nami naijua nyumba ile. Mama mkubwa ana mtoto mmoja tu, kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu na mipango. Ameshafuga kuku wakafa, amefungua duka la simu likafungwa, na miaka yote hiyo mama mkubwa ndiye anayeuza ndizi kumkwamua. Hela ikiingia mlango ule, inatokea dirishani na kaka. Basi hesabu yangu ndiyo ingemaliza maziwa, na hela nayo isikae. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na roho yangu ikawa juu juu.

Nilikwenda siku ya kazi, na viatu vya ofisini. Kaka alikuwa getini ananisubiri na simu mkononi. Akaninong'oneza, "Ameshajiandaa," halafu akaingia mbele yangu ameinamisha kichwa kama mtu wa msibani.

Mama mkubwa alikuwa kitandani, amejifunika blanketi mbili, amefungwa kitambaa kwenye paji la uso. Anaguna. Kwenye stuli pembeni walikuwa wamepanga dawa, pakiti na chupa, na nilipozisogelea nikaona mojawapo ni ya minyoo ya mbuzi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Mara... haba," akajibu, kwa shida kubwa.

"Hali si nzuri kabisa," kaka akasema. "Andika hivyo. Hali si nzuri."

Ikanichukua muda kidogo kuelewa, halafu nikaelewa yote kwa mpigo. Walidhani mimi ni kama wale wanaopita kuandikisha kaya maskini. Wale wakija, watu wanaficha redio, wanavaa nguo za shambani, mbuzi wanahamishiwa kwa jirani, kwa sababu kwenye orodha ile aliye hoi zaidi ndiye anayesaidiwa zaidi. Na kweli, nilipokuwa napanda nilimwona kwa jirani beberu wa mama mkubwa, yule mwenye pembe iliyovunjika, nikajiuliza amekwenda kufanya nini kule.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimvuta kaka nje nikamweleza. Hesabu hii ni kinyume, nikasema. Mama akiwa mgonjwa, siku zinahesabiwa chache, maziwa machache, hela kidogo. Akiwa mzima, siku nyingi, hela nyingi. Nilimwona anapiga hesabu machoni. Kisha akarudi ndani mbio.

"Mama, amka! Amka, umepona!"

Guno likakatika. "Nimepona?"

"Umepona kabisa! Toa hicho kitambaa!"

Akaketi. Akakifungua kitambaa polepole, akakikunja, akakiweka magotini. Halafu akaniangalia mimi, si kaka. Ana macho ya mama yangu, na siku ile sikuyapenda.

"Kwa hiyo umekuja kunipimia kufa."

"Mama mkubwa, ni kazi tu."

"Kazi! Mtoto wa mdogo wangu niliyembeba mgongoni, leo ananiletea kazi." Akageukia Kimeru, na kwa Kimeru mama mkubwa anatukana vizuri zaidi. Mimi nimesimama mlangoni, viatu vyangu vimejaa vumbi, nataka kulia na nataka kukimbia. Niliona aibu, sitaki kudanganya. Alipomaliza alikwenda jikoni akaanza kugonganisha masufuria, maana hata ukimtukana mgeni huwezi kumwacha aondoke na njaa, na baada ya muda akanitupia mbele yangu bakuli la loshoro, mahindi na mtindi, la watu wawili.

Nilipokuwa nakula hasira zikampungua kidogo, akaanza kusema. Kwa nini maziwa, unajua? Mwenye kiwanda alitaka kumlipa hela yote taslimu. Lakini mumewe alikuwa amekufa juzijuzi tu, na shemeji zake walikuwa wameshaanza kuja jioni jioni, wanakaa, wanakohoa, wanaulizia ardhi. "Hela wangeila mbele yangu, tena wangeniambia niwapikie. Nikasema nipeni maziwa. Nani atakuja kuniibia maziwa ya kila siku? Yakilala tu yameganda." Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akamtupia jicho kaka, aliyekuwa anajifanya anasoma simu. Kaka hakuinua uso.

Tena mwenyewe hayanywi. Yanamjaza tumbo, anasema, yeye na chai yake ya rangi. Maziwa anawapa wazazi. Huku kwetu mwanamke akijifungua hatoki ndani wiki nyingi, anapikiwa mtori wa ndizi, analishwa maziwa, na ambaye kwao hawana ng'ombe wanatuma mtu kwa mama mkubwa na chupa ya chai. Hata nilipokuwa nimekaa pale alibisha hodi dada mmoja amejitanda khanga, akajaziwa chupa, akaketi kidogo, akasimulia mtoto analia usiku, akapewa ushauri asioutaka, akaondoka. Akaja mwingine.

"Yakikoma, nani atabisha hodi hapa?" mama mkubwa akauliza. "Wewe? Wewe unakuja ukiwa na kazi."

Nikamaliza loshoro, nikaaga.

Nilirudi ofisini nikafanya hesabu, maana ndiyo niliyoajiriwa kufanya. Maana ya hodi haiingii. Kanuni zetu ziko wazi kabisa: tunapima kitu kwa macho ya watu wa sokoni, si kwa macho ya mwenye nacho. Miaka nilitafuta kwenye majedwali ya watu wa bima, ambao wanajua mwanamke wa umri ule, kwa wastani, amebakiza mingapi. Nikaongeza kidogo kwa sababu ya sauti yake. Nikaiandika ile namba, halafu nikaenda kunawa mikono. Nikazidisha kwa bei ya maziwa kiwandani, nikapunguza kwa kuwa hela ya leo inaweza kuzaa benki, na ikatoka jumla ndogo. Ndogo mno. Ilitosha kaka kulipia nusu ya gari la Noah lililotumika na kudaiwa nusu nyingine. Bosi aliipitia mstari kwa mstari, akasema iko sawa.

Tukatumwa, mimi na meneja wa kiwanda, kwenda kumpa taarifa na kuchukua sahihi yake. Safari hii nilimkuta mama mkubwa amekaa mlangoni kwake, anachambua mboga, amevaa gauni la kanisani. Kaka amesimama nyuma yake. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuomba moto na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Meneja ni mtu mpole, alieleza vizuri: kiasi hiki, bibi, ndicho ambacho mtu yeyote baki angekubali kupewa ili achukue ahadi yako aitimize. Wataalamu wamepima.

Mama mkubwa akaniangalia. "Wewe ndiye uliyesema hivyo?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Kwamba mtu yeyote atakubali."

"Ndiyo."

"Haya. Chukua wewe." Akausukuma ungo wa mboga pembeni. "Chukua hizo hela zote, mwanangu asiguse hata thumni. Uniletee maziwa. Kila asubuhi, hapa mlangoni, mpaka nife."

Meneja akacheka. Majirani wakacheka. Mimi nikafungua mdomo, na kilichonijia si neno, ni barabara. Moshono mpaka Kikatiti, alfajiri, watoto hawajaenda shule. Foleni ya Tengeru. Mafuta. Mvua za masika na ile njia ya kupanda, ambayo hata pikipiki zinateleza. Jumapili. Krismasi. Siku nina homa. Siku ng'ombe wa yule anayeniuzia maziwa amekauka. Na miaka: je, akiizidi namba yangu? Akifika mia na kitu kama bibi yake alivyofika, nami nimeshakula hela zote?

"Hataki!" Mama mkubwa akapiga makofi. "Mmemwona? Mwenyewe aliyepima hataki! Lo! Hata kwa mama yake mkubwa hataki!" Alifurahi mno, aliwaita na majirani wa ng'ambo waje waone mtu asiyetaka. Sahihi hakuweka. Meneja alirudi kiwandani anajifuta machozi ya kicheko, na mimi nikashuka na gari mpaka Maji ya Chai ndipo nikasimama pembeni.

Alikuwa ananitania tu, naamini mpaka leo. Hakuwa anakosoa hesabu ya mtu. Lakini nilipokuwa nimekaa pale pembeni ya barabara, malori ya Moshi yakinitikisa, nikaona nilipokosea, na nikajikasirikia vibaya sana. Nilikuwa nimepima maziwa yaliyoko kwenye tanki. Ahadi ilikuwa ni maziwa yaliyoko mlangoni. Kwa kiwanda hapakuwa na tofauti, gari lao linapita pale kila asubuhi, kusimama ni kukanyaga breki tu. Lakini deni halipimwi kwa wepesi wa anayedaiwa. Yule mgeni atakayelichukua hana gari linalopita. Lazima aamke, lazima asafiri, na kama ana akili atataka na cha kumfidia kwa usumbufu, na cha ziada endapo bibi ataamua kuishi. Hayo yote yamo kwenye kanuni. Nimeyasoma, nimewafundisha vijana. Na nikayaacha, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuimaliza kazi iliyokuwa inaniuma.

Bosi alinisikiliza, halafu akatikisa kichwa. "Umemhurumia."

"Sijamhurumia!" Nilipaza sauti, mpaka wale wa duka la vipuri chini walinyamaza. "Hebu nikuulize wewe. Kwa bei ile uliyoikagua mstari kwa mstari, wewe ungeamka?"

"Mimi siyo muuza maziwa."

"Basi tuwaulize wauza maziwa."

Hapo nikampata, kwa sababu bosi wangu anaweza kukataa machozi ila hawezi kukataa ushahidi wa sokoni. Akasema sawa, lakini wewe usiguse simu, una undugu. Akawapigia mwenyewe, simu imewekwa sauti mezani. Bodaboda wanaobeba madumu ya maziwa, na mama mmoja anayesambaza majumbani Usa River. Lita mbili, mlangoni, kila asubuhi, mvua na jua, na mwisho wake haujulikani, unataka shilingi ngapi? Mmoja akauliza, "Na Krismasi?" Alipoambiwa na Krismasi pia, akakata simu. Mwingine alitaja bei, kisha akauliza huyo bibi ana umri gani, na alipoambiwa akauliza ukoo wake huwa wanaishi sana. Bosi akanitazama. Nikasema kweli tupu, wanaishi sana. Bei ikapanda.

Ile jumla mpya aliiandika bosi kwa mkono wake, na ilikuwa imeizidi ya kwanza mara kadhaa. Kwenye kikao na wanunuzi aliieleza kwa sauti yake isiyochoka, mtu mmoja baada ya mwingine aliyepigiwa, bei moja baada ya nyingine. Mwenye kiwanda alinuna, maana deni likipanda bei ya kiwanda inashuka. Mimi nimekaa pembeni, siruhusiwi kusema, mguu unakwenda. Wale wenye mashati meupe walinong'onezana. Kisha mmoja, mdogo wao, akauliza kama mtu anayeogopa kuonekana mjinga, "Kwani lile gari si linapita pale kila siku? Si tuendelee tu kumpa maziwa?"

Bosi akanikanyaga chini ya meza. Nikautuliza mguu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ahadi ilibaki, ikaingizwa vitabuni kwa mara ya kwanza tangu siku ile wazee wa ukoo walipokula, na kiwanda kikauzwa nayo. Kaka alikuwa ameshachagua mpaka rangi ya Noah. Hakunisalimia kwenye harusi mbili, ya tatu akanisalimia kwa kichwa.

Ungedhani basi nimetulia. Thubutu! Nilipata shida nyingine, na hii sijui nimweleze nani. Ile namba ya miaka bado imo kwenye ripoti. Bei ilibadilika ila miaka ilibaki yangu, niliyoitoa kwenye majedwali nikaongeza kidogo. Wengine wote wameisahau. Bosi ameisahau, wale wa Dar sidhani kama waliisoma. Mimi ninayo kichwani, na kila mwaka ukiisha naitoa moja. Naitoa nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni, nikiwa nasuka nywele. Sitaki, inajitoa yenyewe.

Siku hizi nakwenda kwake Jumapili nyingi baada ya ibada, sina faili, nimevaa ndala. Mwanzoni alinikagua mikono kuona kama nimebeba karatasi. Sasa hakagui, ila ana swali lake, na huliuliza anapoona nimeanza kufurahi.

"Uliandika miaka mingapi?"

"Mingi, mama mkubwa."

"Mingi ni mingapi?"

Hapo nakumbuka gari sijalifunga, au nakumbuka nguo ziko kambani na mvua inakuja, nanyanyuka natoka. Ananicheka mpaka getini.

Jumapili iliyopita nilimkuta amepungua. Sauti ni ileile, lakini kidumu alikiinua kwa mikono miwili. Walikuja wazazi, mmoja baada ya mwingine, akawajazia chupa zao, akawapa ushauri wasioutaka, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nazungusha funguo za gari. Kikabaki kidogo chini ya kidumu, akakimimina kwenye kikombe cha bati, akaninyooshea.

"Waachie wazazi," nikasema.

"Wazazi wameshapata. Hebu kaa chini unywe, unanizungusha kichwa." Akanishika mkono akanivutia kwenye stuli. "Unywe, na hiki kikombe nacho ukitoe kwenye hesabu yako."

Nikakaa. Nikakinywa polepole kuliko nilivyowahi kunywa kitu chochote, kwa sababu sikutaka kiishe.